Mbegu ya Maharage Huchaguliwa Shambani

Ndugu wakulima, wengi wetu huchagua mbegu ya maharage ghalani kwa kutazama ukubwa wa punje. Lakini punje kubwa si lazima ilete mavuno makubwa. Na shina lenye majani tele huweza kuwa na maganda machache. Kwa kawaida kinachozidisha mavuno ni wingi wa maganda katika shina, kisha idadi ya punje katika ganda, na uzito wake.

Basi, kabla ya kuvuna, piteni katikati ya shamba. Pembeni shina hupata nafasi zaidi, nalo hutudanganya. Fungeni uzi kwenye mashina yasiyo na ugonjwa, yenye maganda mengi yaliyojaa. Yavuneni peke yake. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo watoto hufanana na mzazi. Mbegu hiyo isiingie chunguni, wala isiende sokoni.