Mpunga wa Imbo Ungali Kijani



Mtu atokaye katikati ya mji wa Bujumbura kwa barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Uvira hupita Kajaga. Upande mmoja liko Ziwa Tanganyika. Upande wa pili ni tambarare ya Imbo, ardhi yenye rutuba ambayo kwa miaka mingi imeulisha mji huu mchele, mahindi, mihogo na mboga. Yaliyoipata Kajaga katika miaka hii ya karibuni yanastahili kuzungumzwa, kwa sababu upungufu wa chakula huanza miezi mingi kabla ya siku ile mama anapokosa cha kutia chunguni. Huanzia shambani, ghalani, na katika mfuko wa mkulima, na kila mwenye macho huweza kuuona ukija.

Tuanze na maji. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika, na makumi ya maelfu ya wakazi wa Gatumba wakaachwa bila makao. Mwaka uliofuata ziwa lenyewe likapanda, na kufikia Mei 2024 maji yalikuwa yamekaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango ambacho wazee walikilinganisha na mafuriko ya miaka ya 1960. Huko Kajaga maji yaliingia katika nyumba za watu, katika mahoteli ya ufukoni na katika mashamba, wala hayakubagua. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Serikali na Umoja wa Mataifa walitoa ombi la msaada, wakieleza kwamba zaidi ya watu 200,000 nchini walikuwa wamedhurika tangu Septemba 2023.

Ziwa hili hupokea maji ya mito mingi, Rusizi na Malagarasi ikiwa miongoni mwa mikubwa, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, huko Kalemie nchini Kongo. Mlango huo ukizibwa na tope na magugu, maji hayana pa kwenda. Kwa hiyo mkulima wa Kajaga aweza kulima kwa bidii yake yote, na hata hivyo mavuno yake yakategemea kazi ya kuzibua mto ulio ng'ambo ya ziwa, katika nchi nyingine. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo ina makao yake hapa Bujumbura na yenye wanachama wanne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, iliundwa kwa ajili ya mambo ya namna hii.

Hata hivyo si haki kuyatwisha maji lawama yote. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inakataza ujenzi ndani ya mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika. Atazamaye ufuko wa Kajaga ataona jinsi sheria hiyo ilivyoheshimiwa! Na hata mbali na ufuko, mashamba yamekatwakatwa kuwa viwanja, nyumba za fahari zikaota mahali palipoota mihogo. Katika nchi ambayo familia nyingi hulima chini ya nusu hekta, kila shamba linalofunikwa kwa saruji halirudi tena.

Lakini jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni lile la mpunga, nalo halionekani kwa mpita njia. Katika tambarare ya Imbo wakulima wengi humwagilia mashamba chini ya shirika la SRDI, ambalo huwapa maji na pembejeo kwa mkopo, nao hulipa baada ya kuvuna. Mpunga hupandikizwa Januari na Februari, ukavunwa karibu na mwezi wa Juni. Baina ya nyakati hizo kuna palizi, kuna vibarua wa kulipwa, kuna watoto wa kulishwa na mgonjwa wa kupelekwa zahanati, na akiba ya mwaka uliopita imekwisha. Hapo ndipo anapofika mwenye fedha. Hununua mpunga ungali kijani shambani, kwa bei anayoitaja mwenyewe, na mkulima hukubali kwa sababu hana njia nyingine. Siku ya mavuno magunia yanapakiwa mbele ya macho yake. Miezi michache baadaye, msimu wa mvua unapoanza na chakula kinapoadimika, mkulima yule yule huenda sokoni kununua mchele, pengine ule ule alioulima, kwa bei iliyopanda mara nyingi.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni biashara, na mnunuzi naye hubeba hasara mafuriko yakija. Ni kweli kwamba hubeba hasara. Lakini atazamaye vizuri ataona kwamba hasara hiyo imekwisha kukatwa kutoka katika bei aliyompa mkulima.

Juu ya hayo yako matatizo ambayo yanafahamika na kila mtu. Mwezi wa Mei 2023 faranga ilipunguzwa thamani sana mbele ya dola, na kila kitokacho nje kikapanda bei. Mafuta ya magari yamekuwa adimu tangu mwaka 2021, na gari likikosa mafuta, mchele wa Gihanga huwa mbali na soko la COTEBU kana kwamba unatoka ng'ambo. Mbolea ya ruzuku, ambayo mkulima huilipia sehemu ya bei mapema, mara nyingi imechelewa, na mbolea inayofika baada ya mmea kukomaa ni mzigo tu.

Tena majirani zetu wana shida zao, nazo hufika kwetu kwa miguu. Mwezi wa Februari 2025 makumi ya maelfu ya ndugu kutoka Kivu walivuka Rusizi na kuingia Cibitoke, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likalazimika kupunguza mgao wa wakimbizi hadi nusu. Mwezi wa Desemba mwaka huo vita vilifika Uvira, na wengine wengi wakavuka. Mgeni hafukuzwi kwa sababu ya uhaba wa unga, lakini hesabu ya unga lazima ifanywe upya.

Ndugu zetu wa Tanzania walionja hali kama hii mwaka 1974, ukame ulipowalazimisha kutumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka nje. Hadi leo wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha njaa ile kilitokana na ukame, na kiasi gani na kuhamishiwa kwa watu vijijini. Waliitikia kwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Baadaye, mwaka 2005, walitunga sheria ya stakabadhi ghalani: mkulima huweka mazao yake katika ghala lililokubaliwa, hupewa hati, na kwa hati hiyo huweza kukopa benki akingoja bei nzuri. Mpango huo una kasoro zake, na ghala lisilo kavu huota kuvu wenye sumu, hata mahindi yakawa ya kutupwa. Lakini hati huja baada ya mavuno, na mkulima wa Imbo amekwisha kuuza kabla ya mavuno.

Kwa hiyo mkopo wa kumvusha katika miezi ya palizi ndio wa kwanza, na ghala linafuata. Vyama vya ushirika vipo. Fedha zikifika kwao mwezi wa Juni, zitakuta magunia yamekwisha kuwa mali ya mtu mwingine. Zinatakiwa ziwe mikononi mwa wakulima kufikia mwezi wa Machi, mpunga ungali kijani.