Macho ya manjano, choo cheupe: usingoje

Leo nazungumza na mama na baba wenye mtoto mchanga.

Watoto wengi huwa na macho ya manjano siku chache baada ya kuzaliwa. Mara nyingi huisha wenyewe. Lakini siku 14 zikipita na manjano bado yapo, usiendelee kumwotesha jua nyumbani. Mpeleke kituo cha afya.

Kuna ugonjwa wa nadra uitwao biliari atresia. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo hupita kwenye mirija midogo kuelekea utumbo. Kwa mtoto huyu mirija imeziba. Nyongo inabaki ndani ya ini na kuliharibu. Mwanzoni mtoto hunyonya vizuri na huonekana mzima, ndiyo maana watu huchelewa.

Angalia nepi, mchana, penye mwanga. Nyongo ndiyo hukipa choo rangi. Choo cha manjano, kijani au kahawia ni cha kawaida. Choo cheupe kama chaki au cha kijivu kama majivu ni hatari. Mkojo wa mtoto mchanga hufanana na maji. Ukiwa kama chai ya rangi, ni hatari pia. Huko Taiwan, tangu 2004, wazazi hupewa kadi ya picha za rangi za choo ili walinganishe.

Kwa nini haraka? Miaka ya 1950 daktari Morio Kasai wa Japani alianzisha upasuaji wa kuunganisha utumbo na ini, nyongo ipate njia. Hufaulu zaidi kabla mtoto hajafikisha siku 60. Baadhi bado huhitaji kupandikizwa ini baadaye, lakini aliyechelewa ana nafasi ndogo sana.

Chanjo ya wiki sita ni siku ya 42. Bado kuna muda. Nenda na nepi yenye choo, usiifue. Mwonyeshe muuguzi. Uliza kipimo cha damu cha bilirubini, aina zote mbili. Uliza rufaa: madaktari wapasuaji wa watoto wako Hospitali ya Mulago, hapa Kampala. Ukiambiwa urudi wiki ijayo, taja umri wa mtoto kwa siku, na uliza tena kesho.

Sasa majirani. Watafiti bado wanatafuta chanzo. Huko Australia wanakondoo walizaliwa na ugonjwa kama huu baada ya mama zao kula mmea fulani wakati wa ukame, na mwaka 2015 watafiti walitangaza sumu waliyoipata ndani yake. Kwa binadamu haijathibitishwa hivyo. Si laana, wala si kosa la mama. Badala ya kumsema, mchangieni nauli.

Narudia: manjano baada ya siku 14, choo cheupe, kituo cha afya leo hii. Mwambie na jirani asiye na redio.