Kumkanda Mgonjwa Aliyetoka Kupasuliwa Moyo
(Mazungumzo ya muuguzi katika baraza la wananchi, Sirisia)



Nimeombwa nizungumze kuhusu wenzetu wanaorudi nyumbani baada ya upasuaji wa moyo. Wengine hupasuliwa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, wengine Nairobi, wengine Tenwek kule Bomet. Wengi ni vijana ambao vali za moyo ziliharibika kwa sababu ya maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa.

Mgonjwa akifika tu, shangazi huja na mafuta kumkanda. Sitawaambia mwache. Huko Marekani, katika hospitali ya Mayo Clinic, wagonjwa 113 wa upasuaji wa moyo walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2010. Waliokandwa kwa dakika 20 walipungukiwa na maumivu na wasiwasi kuliko wale waliopumzika tu kitandani. Mgonjwa hulala akiwa amejikaza mabega, anaogopa hata kupumua. Mkono wa mtu anayempenda humlegeza.

Shida ni pale mkono unapowekwa. Mfupa wa kifua umekatwa katikati na kufungwa kwa waya, na unahitaji wiki 6 hadi 12 ili uungane. Kwa hiyo kifua msikikande kabisa. Mafuta ya mitishamba yasiguse kidonda. Kandeni viganja, nyayo, shingo na mabega, polepole, mgonjwa akiwa ameegemea mto, wala msimlaze kifudifudi. Akisema inauma, acheni. Akitaka kukohoa, mpeni mto aukumbatie kifuani.

Kuna mama mmoja niliyemhudumia ambaye jamaa zake walimwinua kitandani kwa kumvuta mikono yote miwili. Walifanya hivyo kwa upendo, lakini alilia usiku kucha. Mwinueni kwa kumshika mgongoni. Na huyo si mtu wa kubeba mtungi wa lita 20, ambao ukijaa ni kilo 20, wala mtoto, wala kupanda boda boda; barabara zetu mnazijua.

Miguu nayo ina mambo yake. Kuna wagonjwa ambao mshipa wa mguu ulitolewa ukatumika kwenye moyo. Mguu huo uacheni hadi kidonda kipone. Na mguu mmoja ukivimba, ukiwa na joto na maumivu nyuma chini ya goti, msiukande hata kidogo. Huenda damu imeganda humo, na kuusukuma kunaweza kupeleka donge hilo kwenye mapafu. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Waliowekewa vali ya chuma hutumia wafarini maisha yao yote. Dawa hiyo huzuia damu kuganda, kwa hivyo ukikanda kwa nguvu, damu huvilia chini ya ngozi. Anayekanda asimwambie mgonjwa aache wafarini, wala asimnyweshe dawa za miti, kwani baadhi hugongana nayo.

Homa, usaha kwenye kidonda, au mfupa wa kifua unaolia ukiguswa au mgonjwa anapokohoa: msingoje kliniki ijayo, mleteni.

Sasa nipokee maswali. Nimemwona mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mafuta.