Kipokezi cha Duffy: Umbo Lake, Kazi Yake na Haki ya Kupimwa kwa Pishi ya Nyumbani

Utangulizi

Kinga ya mwili ni kazi ya seli nyingi zilizotawanyika katika damu, uboho, mitoki na ngozi, na kwa kuwa seli hizo ziko mbalimbali, haziwezi kushirikiana bila ya kuwa na njia ya kuarifiana. Njia hiyo ni saitokini, yaani protini ndogo zinazotolewa na seli moja ili kubadili mwenendo wa seli nyingine: kuiamuru izaane, itulie, ihame au ipambane na kimelea. Hata hivyo saitokini peke yake haina amri yoyote mpaka ishikwe na kipokezi, ambacho ni protini iliyopandikizwa katika utando wa seli, na seli isiyokuwa na kipokezi hicho haiathiriwi na ujumbe hata ukiwa umejaa pembeni yake. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua kwa nini miili ya watu wawili hupokea maradhi yale yale kwa namna tofauti hana budi kuchunguza vipokezi vyao kabla ya jambo jingine.

Mhadhara huu unachunguza kipokezi kimoja tu, kile kinachoitwa Duffy, kwa sababu kinawahusu wakazi wa pwani ya Kenya kuliko vipokezi vingine vingi. Unaeleza kwanza umbo na kazi yake, kisha namna malaria ilivyokiondoa katika chembe nyekundu za damu za Waafrika walio wengi, na mwisho unadai jambo moja: kwamba kinga ya mtu wa Mkomani, wadi ya Mombasa, ipimwe kwa kipimo kilichotokana na watu walio kama yeye, wala si kwa pishi iliyoletwa kutoka kwingine.

Aina za vipokezi

Vipokezi vya saitokini vimegawanywa katika jamii kadhaa kulingana na maumbile yake. Katika jamii moja kubwa, ambayo hupokea saitokini nyingi za kundi la intalukini pamoja na homoni ya erithropoyetini inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu, kila kipokezi hupita katika utando wa seli mara moja, sehemu yake ya nje ikiwa ndiyo inayoshika ujumbe na sehemu yake ya ndani ikiwa imeambatana na vimeng'enya. Saitokini inapofika, huvuta pamoja minyororo miwili au zaidi ya kipokezi, vimeng'enya vya ndani vikakaribiana na kuamshana, na protini maalumu zikabeba habari hadi katika kiini cha seli, ambako jeni fulani huwashwa na nyingine huzimwa.

Jamii nyingine ni ya vipokezi vya kemokini. Kemokini ni saitokini ambazo kazi yake ni kuita seli: pale ngozi inapochomwa na mwiba na kuingia bakteria, seli za mahali hapo hutoa kemokini, na seli nyeupe zilizomo katika damu huufuata mtiririko huo mpaka penye jeraha. Kipokezi cha kemokini ni mnyororo mmoja wa protini unaoingia na kutoka katika utando wa seli mara saba, mfano wa uzi wa mshoni, huku ncha yake ya kwanza ikining'inia nje na ncha yake ya mwisho ikibaki ndani. Upande wa ndani kipokezi hicho hushirikiana na protini inayoitwa protini G, ambayo ndiyo hupeleka habari mbele, na mahali pa ushirikiano huo huwa na asidi amino tatu zinazofuatana, yaani aspateti, ajinini na tairosini.

Umbo na kazi ya Duffy

Kipokezi cha Duffy kina asidi amino 336 na kinapita katika utando mara saba kama jamaa zake, lakini kinakosa ule mfuatano wa asidi amino tatu, na kwa hiyo hakiwezi kuiamsha protini G. Hushika kemokini bila ya kupeleka habari yoyote ndani ya seli. Anayeijua Bandari ya Kilindini anaweza kukifananisha na gati ambapo vyombo hufungwa kamba lakini shehena haishushwi. Jambo la pili la ajabu ni kwamba, ilhali vipokezi vingi vya kemokini huchagua kemokini chache, Duffy hushika nyingi, na tena za makundi mawili makuu, hususan zile zinazotolewa wakati wa uvimbe na homa.

Kutopeleka habari hakumaanishi kutokuwa na kazi. Duffy hupatikana mahali pawili muhimu. Katika chembe nyekundu za damu, hushika kemokini zilizozidi na kuzihifadhi, hivyo kiasi kilicho huru katika damu hakipandi kupita kiasi wala hakiishi upesi. Katika seli zinazotandaza kuta za ndani za veni ndogo, huchukua kemokini kutoka upande wa nyama na kuzivusha hadi upande wa damu, ambako seli nyeupe zinazopita huziona na kujua mahali pa kutokea. Chembe nyekundu, ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa mchukuzi wa oksijeni tu, kumbe nayo ina sehemu katika mizani ya kinga.

Kimelea kilichopata mlango

Jina Duffy lilitokana na mgonjwa wa hemofilia aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi, ambaye katika damu yake watafiti wa London, Marie Cutbush, Patrick Mollison na Dorothy Parkin, waligundua mwaka 1950 kingamwili dhidi ya alama isiyojulikana ya chembe nyekundu. Mwaka 1955 Ruth Sanger na wenzake walionyesha kwamba Wamarekani weusi wengi hawakuwa na alama hiyo kwa sura yake yoyote. Wakati huo Duffy ilikuwa jambo la maabara za kuongezea damu tu, na hakuna aliyejua kwamba ni kipokezi.

Jibu la kwanza kuhusu alama hiyo lilitoka katika malaria. Louis Miller na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba kimelea cha malaria ya nyani, Plasmodium knowlesi, hakikuweza kuingia katika chembe nyekundu zisizo na Duffy, na mwaka 1976 wakaonyesha kwamba watu wasio na Duffy waliojitolea kuumwa na mbu wenye Plasmodium vivax hawakuugua. Kimelea hiki kina protini yake maalumu inayong'ang'ania ncha ya nje ya Duffy, ile ile inayotumiwa na kemokini, na kwa njia hiyo hujisukuma ndani ya chembe. Mwaka 1993 Richard Horuk na wenzake walithibitisha kwamba alama ya Duffy ni kipokezi cha kemokini, na hapo ikadhihirika kwamba kimelea kilikuwa kimeteka mlango uliojengwa kwa ajili ya kinga.

Swali lililobaki lilikuwa vipi watu wa Afrika wamekosa mlango huo bila ya kudhurika. Mwaka 1995 Christophe Tournamille na wenzake walionyesha kwamba jeni yao ya Duffy ni nzima, isipokuwa herufi moja iliyobadilika katika sehemu ya mwanzo inayoiwasha. Katika seli zinazozaa chembe nyekundu, protini iitwayo GATA-1 hushika sehemu hiyo ili kuiwasha jeni, lakini herufi ikiwa imebadilika, protini hiyo haishiki, na jeni hubaki imezimwa. Mabadiliko hayo hayagusi kuta za mishipa, kwa kuwa huko jeni huwashwa kwa njia nyingine. Mwili, kwa hiyo, umeufunga mlango pale tu ambapo mwizi alikuwa akiingilia, na ukauacha wazi pale ambapo bado una kazi.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mipaka ambayo haifai kusahauliwa na yeyote. Malaria inayoua watoto wengi zaidi pwani ya Kenya huletwa na Plasmodium falciparum, ambayo haihitaji Duffy na huingia katika chembe nyekundu kwa milango mingine. Pia, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka magharibi mwa Kenya, na mwingine wa mwaka 2010 kutoka Madagaska, ulikuta dalili za Plasmodium vivax hata kwa watu wasio na Duffy. Kukosa Duffy si sababu ya kuacha chandarua.

Mkomani katika njia za Bahari ya Hindi

Mkomani ni wadi ya eneo bunge la Nyali, upande wa bara ya kaskazini ya Mombasa, jirani na Kongowea na Frere Town. Historia ya ujirani huu ni sehemu ya historia ya kipokezi. Frere Town ilianzishwa na wamisionari mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliookolewa kutoka utumwani, wengi wao wakiwa wametoka kusini mwa Afrika Mashariki. Ng'ambo, kisiwani Mombasa, Wabulushi waliokuja kutumika kama askari wa watawala wa Omani walikaa wakazaa, na pamoja nao wakaja Washihiri wa Hadhramaut na wafanyabiashara wa Kihindi, wakaishi pamoja na Waswahili na Wamijikenda.

Safari hizo hazikuwa za upande mmoja. Uchunguzi wa jeni za Wamakrani, wakazi wa pwani ya Makran nchini Pakistan ambao baadhi ya wahenga wao walichukuliwa Afrika katika biashara ya utumwa, ulichapishwa mwaka 2017, nao ulionyesha kwamba miongoni mwa urithi wao wa Kiafrika, sehemu yenye jeni ya Duffy iliyozimwa imeongezeka kuliko sehemu nyingine, jambo linaloashiria kwamba katika nchi yenye Plasmodium vivax iliwafaa walioirithi. Jeni hiyo hupatikana kwa wingi pia Yemen. Kwa hiyo, mtu wa Mkomani mwenye babu wa Kibulushi au wa Kishihiri anaweza kuwa na Duffy au asiwe nayo, na rangi ya ngozi au jina la ukoo haitoshi kuwa ushahidi wa mojawapo.

Hesabu inayohukumiwa kwa pishi ya mbali

Matokeo ya kukosa Duffy yanaonekana katika karatasi ya majibu ya maabara. Nyutrofili ni seli nyeupe zinazotangulia kufika penye bakteria, na vitabu vingi vya tiba huhesabu kuwa mtu amepungukiwa nazo zikiwa chini ya 1,500 katika mikrolita moja ya damu. Kiwango hicho kilitokana kwa kiasi kikubwa na watu wa asili ya Ulaya. Mwaka 2009 David Reich na wenzake walionyesha kwamba hesabu ndogo ya nyutrofili kwa Wamarekani weusi inatokana na ile herufi moja ya Duffy, na mwaka 2017 utafiti mwingine ulieleza njia yake: Duffy inapokosekana katika seli changa za chembe nyekundu ndani ya uboho, nyutrofili zinazozaliwa huwa na tabia tofauti, zikaondoka katika damu na kuingia katika nyama upesi zaidi. Seli zipo, haziko tu mahali sindano inapochota.

Mwaka huo huo wa 2009 ulichapishwa uchunguzi wa watu wazima wenye afya nchini Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, ambao ulikuta kwamba viwango vya nyutrofili vya watu hao viko chini ya vile vya Marekani, kiasi kwamba watu wazima wenye afya kamili wangehukumiwa kuwa wagonjwa. Hukumu ya namna hiyo ina gharama. Mtu anaweza kukataliwa kushiriki katika majaribio ya chanjo, mgonjwa wa saratani anaweza kupunguziwa au kuahirishiwa dawa inayomsaidia, na mgonjwa wa akili anayehitaji klozapini anaweza kuachishwa dawa hiyo. Marekani yenyewe ililitambua hilo mwaka 2015 ilipoweka kiwango cha chini zaidi kwa watumiaji wa klozapini wenye hali hii ya kimaumbile. Wataalamu kadhaa wanapendekeza pia liachwe jina linaloiita hali hiyo upungufu, na iitwe hesabu ya nyutrofili inayohusiana na Duffy.

Hitimisho

Si mara ya kwanza damu ya pwani hii kuifundisha dunia. Mwaka 1949 Anthony Allison alikusanya sampuli za damu nchini Kenya, akaona kwamba alama ya selimundu ni nyingi pwani na karibu na Ziwa Viktoria na ni chache katika nyanda za juu, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba alama hiyo humkinga mtu na malaria. Tangu mwaka 1989 watafiti wa Kilifi, mwendo mfupi kaskazini mwa Mkomani, wameendeleza elimu hiyo. Elimu iliyochotwa katika miili ya watu wa hapa inapaswa kuwarudia kwa njia ya tiba iliyo sawa.

Kwa hiyo maabara za hospitali za Kenya, za umma na za binafsi, zinaombwa kuchapisha katika karatasi zao viwango vilivyotokana na watu wa Afrika Mashariki, na madaktari wanaombwa kwamba, wakikuta nyutrofili chache kwa mtu asiye na dalili za ugonjwa, waagize kipimo cha Duffy, ambacho maabara za kuongezea damu zinakijua tangu zamani, kabla ya kumwita mgonjwa au kumnyima dawa. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kiwango alichopimiwa kilitoka kwa watu gani. Kipokezi cha Duffy kilizimwa katika chembe nyekundu ili watu waishi, na haifai uzima huo uandikwe kuwa ni kasoro.