Matumizi ya Ardhi Mijini, na Wajibu wa Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa chama, Bombambili, Songea)



Katibu aliponitaka nichague jambo la kuzungumza sikukawia, maana tangu mkutano uliopita liko jambo moja lililotugawanya. Baadhi ya wanachama wametoa shauri kwamba chama kiandike barua, kuomba sehemu moja ya wazi iliyotengwa katika ramani kuwa kiwanja cha michezo, ibadilishwe matumizi yake, ikatwe viwanja vya nyumba, nasi watumishi tugawiwe. Hoja yao si ya upuuzi. Mtumishi hupanga nyumba miaka yake yote ya kazi, na akistaafu hana pa kuweka kitanda chake. Mimi nimepanga kwa miaka ishirini na minne, hayo nayajua. Walakini naomba, kabla hatujapiga kura, tuutazame mji mmoja wa pwani uliotutangulia katika njia hii, nao ni Dar es Salaam.

Mji ule ulianzishwa na Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao badala ya Bagamoyo, na mwaka huo huo wakatoa amri za ujenzi. Baadaye mji ukagawanywa mafungu matatu, na Waingereza walioutwaa mwaka 1916 wakaendelea na mgawanyo huo. Fungu la kwanza, upande wa bahari, lilikuwa la nyumba za namna ya Kizungu. Watu wakaliita Uzunguni. La pili lilikuwa la maduka na makazi pamoja; likaitwa Uhindini. La tatu lilikuwa Kariakoo, na kisha Ilala, ambako Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba yake ya udongo na miti. Kanuni zilitaja namna ya nyumba, si kabila la mtu. Lakini kila mtu alijua nani ana fedha za nyumba ipi. Hapo twapata fundisho la kwanza: anayepanga nyumba ya namna gani isimame wapi, huwa pia amepanga nani akae wapi.

Kati ya fungu la pili na la tatu uliachwa uwanja mpana, Mnazi Mmoja, ili Mwafrika atengwe na wengine. Nia ile ilikuwa mbaya. Hata hivyo, utawala ule uliondoka mwaka 1961, na uwanja ukabaki. Leo mtu aliyechoka na joto la Kariakoo hupata kivuli pale, na watu hukusanyika pale kwa mambo yao. Uwanja uliowekwa kuwatenga watu umekuwa mahali pa kuwakutanisha, kwa sababu moja tu, kwamba haukukatwa viwanja.

Mji ukaongezeka. Mpango mkuu ulitungwa mwaka 1949, mwingine mwaka 1968, na mwingine tena mwaka 1979. Hapana shaka waliochora walikuwa mafundi. Lakini hesabu ya watu iliwashinda mbio: mwaka 1967 mji ulikuwa na watu kama 273,000, mwaka 2012 walihesabiwa 4,364,541, na mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Viwanja vilivyopimwa vilikuwa haba kuliko waliovihitaji, basi watu wakajitafutia wenyewe, na mitaa kama Manzese na Buguruni ikajaa nyumba kabla ya mpima kufika. Mwaka 2002 Serikali ilianza mradi wa kupima viwanja 20,000, na kazi ile ilisaidia wengi. Walakini ilikuja baada ya mji kujitawanya.

Nitataja mahali pawili tu. Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Nyingi zimevunjwa, na mahali pa nyumba moja pamesimama ghorofa na maduka. Kiwanja ni kile kile na njia ni ile ile, bali watu na mizigo vimezidi mara nyingi. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 jengo moja la ghorofa liliporomoka pale Kariakoo, na zaidi ya watu ishirini wakafa.

Mahali pa pili ni bonde la Msimbazi. Mpango wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde lile kuwa ardhi ya hatari, isiyofaa makazi. Walakini watu walijenga, mmoja leo na mwingine kesho. Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ikashuka, mto ukadai njia yake, na watu wengi wakapoteza maisha na mali. Walionusurika wengine walihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Basi jiulizeni: ni siku gani ilitangazwa kwamba bonde lile sasa ni makazi? Haikuwapo siku hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza.

Sasa, mabwana na mabibi, niruhusuni niseme habari yangu mwenyewe, ambayo sijapata kuisema mbele ya watu. Nilipokuwa kijana nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya mji wa pwani, nisiyoitaja. Lilikuja faili la kubadili matumizi ya kiwanja ambacho watoto wa mtaa walikichezea mpira. Ilipasa matangazo yabandikwe mtaani, ili mwenye pingamizi aseme. Matangazo yalikwisha kupigwa chapa. Nikaambiwa niyaweke kwanza. Nikayaweka katika saraka ya meza yangu. Siku za kupokea pingamizi zikapita, nami nikaamriwa kuandika katika faili maneno haya: «Hakuna pingamizi lililopokelewa.» Nikayaandika kwa mwandiko mzuri. Wala hayakuwa uongo, maana hakuna aliyepinga. Na hakuna aliyepinga kwa kuwa hakuna aliyeambiwa. Miaka mingi baadaye nilipita mtaa ule. Watoto walikuwa wakicheza barabarani, na kila gari likija waliokota mpira na kukimbilia ukutani. Nilisimama pale kitambo, kisha nikaenda zangu.

Ndiyo maana nasema nasi makarani si wapita njia katika jambo hili. Ramani huchorwa na mpimaji na hukubaliwa na wakubwa, lakini huhifadhiwa au kuharibiwa katika masijala.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita sitini toka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yaweka mamlaka ya upangaji na taratibu zake. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kwa wakati wake.

Turudi kwetu. Mji wetu wa Songea hauna bahari, lakini unakua. Lami imetuunganisha na Mtwara kupitia Tunduru, na hesabu ya mwaka 2012 ilionyesha Manispaa yetu ina watu zaidi ya laki mbili. Tuna milima ya Matogoro, linakochimbuka Ruvuma, na tuna maji ya Ruhila tunywayo. Haya yakiguswa, hakuna barua ya chama itakayoyarudisha.

Basi shauri langu ni hili. Tusiombe kiwanja cha michezo. Tuombe, kwa barua yenye majina yetu wote, kwamba Halmashauri ipimapo viwanja vipya itukumbuke. Nasi tuanze mwezi huu kuweka akiba ya chama, ili mwanachama asishindwe gharama za kupimiwa. Tena tuchague watu watatu waende kuitazama ramani ya mtaa wetu, watuletee orodha ya sehemu za wazi, tuibandike katika ubao wa chama. Njia hii ni ndefu, nami sitaiona nyumba yangu upesi. Lakini wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Tukipata nyumba kwa kuwanyima watoto uwanja, watakaocheza barabarani ni watoto wetu wenyewe.

Bwana Rais, nimekwisha. Sasa niko tayari kwa maswali na kwa kupingwa.