Mdudu Atoboaye Buni za Kahawa
(Hotuba kwa wakulima)

Wakulima wa Bungoma, Kitale na Kwanza,

Yuko adui mdogo, mfano wa punje ya ulezi, alaye kahawa kabla haijafika sokoni. Ni mdudu mweusi mwenye mbawa ngumu, na wataalamu humwita Hypothenemus hampei. Aliyemweleza kwanza, mwaka 1867, ni Ferrari wa Austria.

Kwa nasaba ni wa ukoo wa fukusi, katika mlango wa watoboa magome. Jamaa zake wengi hukaa chini ya gome. Yeye huliacha, akaingia katika buni, za arabika na za robusta pia.

Asili yake ni Afrika. Akifichwa ndani ya mbegu, alifika Brazili mwaka 1913, na mwaka 2010 akaonekana Hawaii.

Jike hutoboa tundu penye kitovu cha buni, hutaga mayai ndani, na watoto wake hula punje. Dume haruki; huzaliwa na kufa humo humo. Kwa hiyo dawa ya kunyunyiza haimfikii kwa urahisi.

Basi silaha kuu ni mikono. Buni zilizosazwa mtini baada ya mavuno, na zilizoanguka chini, ndizo nyumba yake hata msimu ujao. Ziokoteni zote, mzichome au mzifukie chini sana. Pogoeni pia kivuli kilichozidi.

Tena fanyeni pamoja, kwani jike huruka, wala hajui mpaka. Mmoja akisafisha shamba lake na jirani asisafishe, kazi ya wote wawili ni bure.