Fundi Sanifu wa Ujenzi: Kazi Yake na Haja Yetu
(Mazungumzo ya mkaguzi wa vyama vya ushirika mbele ya makatibu na wanachama, Mwanza)



Mmezoea kunisikia nikisema juu ya vitabu vya hesabu. Leo niwieni radhi niseme juu ya msingi wa ghala.

Katika ukaguzi nilifika kwenye chama kimoja ambacho sitakitaja. Kila mfuko wa saruji ulikuwa na stakabadhi yake, na hesabu zilikubaliana hadi shilingi ya mwisho. Lakini ukuta wa ghala ulikuwa umepasuka toka dirishani hadi chini, ufa wa kupitisha kiganja, na pamba ya wanachama upande ule imelowa. Katika vitabu sikuona kosa lolote la kuandika.

Kosa lilikuwa ardhini. Ghala lilijengwa juu ya udongo mweusi wa mbugani, ambao sisi wa kanda hii twaujua vema: masika huvimba, kiangazi husinyaa na kupasuka. Msingi mfupi juu ya udongo huo hupandishwa na kushushwa kila mwaka mpaka ukuta ukatike. Hapana budi ama uchimbwe kupita tabaka hilo, ama udongo uondolewe na kujazwa kifusi kinachofaa. Mwashi wao alikuwa hodari wa kupanga tofali. Hakuna aliyempimia udongo.

Kupima huko ni kazi ya fundi sanifu. Wengi humchanganya na fundi mchundo, ajengaye kwa mikono yake, au na mhandisi, mwenye kubuni na kukokotoa. Yeye yu kati yao. Husoma michoro, hupima usawa wa kiwanja, hukadiria vifaa, na husimamia zege. Zege bichi hulijaza katika kopo la chuma lenye umbo la pia, huliondoa kopo, na kutazama zege limeshuka kiasi gani. Likishuka mno, maji yamezidi. Kisha hutengeneza vibonge vya sentimita 15 kila upande, vikapondwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28 ili nguvu yake ijulikane. Mwaona kwamba naye ni mkaguzi kama mimi, ila vocha zake ni za mawe.

Njia ya kuifikia kazi hii si ndefu. Kijana wa kidato cha nne aliyefaulu hisabati na sayansi, hasa fizikia, aweza kuomba stashahada ya miaka 3. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1957, na tangu 1997 ni Taasisi ya Teknolojia. Cha Arusha kilifunguliwa 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Cha Mbeya, kilichoanza 1986, sasa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Akihitimu, aweza kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi katika daraja la mafundi sanifu, na akitaka huendelea hadi uhandisi.

Nilipomaliza kidato cha nne, baba yangu alikataa nisiombe nafasi hiyo. Alisema hakunisomesha nije kubeba mwiko. Sikumbishia, na kazi ya vitabu imenilea. Lakini wazazi wa leo nawabishia. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, na wengi wenu mlipita juu yake kuja hapa badala ya kungoja kivuko. Zege la kazi kama ile halimwagwi bila mtu wa kulipima, na mtu huyo aweza kuwa binti yako.

Ombi langu kwa makatibu ni hili. Katika mkutano mkuu ujao, wekeni ajenda mbili: fungu la elimu limsomeshe mtoto mmoja wa mwanachama ufundi sanifu, na makadirio ya jengo lolote jipya yawe na kifungu cha kupima udongo. Mtu atasema fedha hizo ni nyingi. Msomeeni gharama za ghala lile: lingali limesimama, limeegemezwa magogo, na pamba yao huwekwa katika nyumba ya kupanga. Asiyeamini na anione baada ya kikao, nimpeleke akalitazame.